Mwiko wa Mzee Kelly

Mwiko ulivunjika Ijumaa adhuhuri, maji ya sufuria kubwa yakiwa yameshachemka, unga umeshaanza kuingia, na watu wa kilio wanavua viatu mlangoni. Ulivunjikia shingoni. Chibalonza alibaki ameshika mpini, na kichwa cha mwiko kikazama polepole ndani ya uji kama mtu aliyechoka na maneno.

"Bon," alisema Chibalonza. "Nilisema. Tangu mwezi wa pili nasema."

Alikuwa amesema kweli. Kila alipomwona mkwewe, Wilondja, ametulia, alimwomba amtafutie mwiko mkubwa, mwiko wa watu wengi, kwa sababu hii ya maduka ya Bankstown, hapa Sydney, ilikuwa ya kugeuzia mayai. Na kila mara Wilondja alijibu kwa adabu zote, macho chini, "Ndiyo, Mama, nitatafuta." Kisha akasahau.

Kilio hakikuwa chao. Kilikuwa cha mama Nibigira, jirani wa ghorofa ya chini, aliyefiwa na kaka yake Bujumbura. Lakini sebule ya mama Nibigira isingeweza kuwakalisha hata mchungaji na mkewe wakiwa wamepatana, kwa hiyo Chibalonza alishuka ngazi, akamshika mkono, akamwambia watalilia juu. Sasa watu walikuwa wanaingia, na ugali haujasongwa.

"Tutumie mti wa fagio," alisema mwanamke mmoja wa kanisani.

Chibalonza alimtazama tu, na yule mwanamke akakubali kwamba hakusema kitu.

Akaenda kwenye kabati la ukumbini kutafuta chochote cha mti. Nyuma ya makoti aliona kitu kirefu kilichofungwa kwa taulo safi. Akafungua. Kilikuwa cha mti mgumu, cheusi kwa uzee, mpini mviringo, na mwisho wake mpana na bapa, umezungushiwa ukanda mwembamba wa chuma ili usipasuke. Akakishika. Mpini ulijaa kiganjani.

Chibalonza alisimama pale ukumbini kwa muda. Kumbe mkwe hakuwa amesahau. Alikuwa ametafuta kimya kimya, tena hakuchukua kipya cha dukani. Amepata kitu cha kale, cha nyumba iliyojua kupika, akakifunga kwa taulo ili ampe siku inayofaa. Naye muda wote huo amekuwa akimnung'unikia moyoni. Alimwomba Mungu msamaha palepale, kati ya makoti. Kisha akapeleka ule mwiko jikoni, akaumwagia maji ya moto, akausugua kwa sabuni na waya wa kusugulia masufuria mpaka weusi wote wa kichwani ukatoka, akausuuza mara mbili, na akasonga.

* * *

Wilondja alirudi kutoka kwa mtaalamu wa mgongo saa tisa. Alivua kiatu kimoja mlangoni, akachungulia jikoni ili asalimie, na kiatu cha pili hakukivua.

Fimbo ya Mzee Kelly ilikuwa imesimama katikati ya sufuria, imezama mpaka kiunoni.

"Huyu hapa," alisema Chibalonza, akafuta mikono kwenye kitenge chake. Hakuwa mtu wa kusema sana na mkwe wake, kwa sababu mama mkwe na mkwe wanaoheshimiana hawajazani maneno. Lakini siku hiyo alisimama mbele ya watu wote. "Muone mukwe wangu. Nilimuomba mwiko, akanyamaza. Nikafikiri hasikii. Kumbe alikuwa anatafuta. Muangalie ile mwiko. Ile njo mwiko ya kweli."

Wanawake wakasema aksanti. Mchungaji akasema mkwe mwema ni mtoto wa pili. Mama Nibigira, aliyekuwa amelia tangu asubuhi mpaka kope zimevimba, aliinua uso akamwambia Wilondja, "Mungu akubariki, Papa Gloire. Nimekula leo kwa mara ya kwanza."

Wilondja aliangalia chini, akaona mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna.

"Si kitu, Mama," alisema.

Akakaa, akaletewa sahani, akala. Ugali ulikuwa umesongwa vizuri sana.

Ile fimbo ilikuwa ya kuchezea mchezo wa Waayalandi uitwao hurling, ambao watu wanakimbia na fimbo za namna hiyo wakipiga kampira kadogo kagumu. Mwenyewe alikuwa Mzee Kelly, mwanachama wa klabu ya vitabu ya makumbusho madogo ya michezo, pale Lidcombe, karibu na reli. Klabu hiyo ilikuwa inasoma kitabu kinene cha historia ya michezo ya jadi ya Ayalandi. Nicole, meneja wa makumbusho, alikuwa na desturi yake: anayeongoza mazungumzo ya juma linalofuata anapewa kitu kimoja akae nacho nyumbani. Alikuwa akisema kitabu kinaeleweka kwa macho, lakini kitu kinaeleweka kwa mikono. Juma hili zamu ilikuwa ya Wilondja, na Mzee Kelly ndiye aliyetoa fimbo yake.

Na haikuwa zamu tu. Makumbusho yalikuwa yanatafuta mtu wa kupokea wageni na kuwaonyesha vitu, kazi ya kusimama kidogo na kukaa kidogo, isiyo na maboksi. Nicole alimwambia Wilondja ajaribu kuomba, kisha akaongeza kwamba Jumamosi kamati itakuja kusikiliza. Maboksi ya ghala la Ingleburn, alikofanya kazi zamani, yalikuwa yamemharibu mgongo Wilondja. Malipo ya bima yalikuwa yanakaribia kukoma, na mkewe Vanessa alifanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, akirudi na miguu iliyovimba, akisema hajachoka. Kijana wa ofisi ya kutafutia watu kazi alikuwa amemuuliza Wilondja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, kama anajua kusoma. Pale Lidcombe hakuna aliyemuuliza hivyo. Walimpa kitabu.

* * *

"Mwambie tu ukweli," alisema Vanessa.

Walikuwa wamejifungia bafuni na ile fimbo, watu wakiwa wameondoka na Chibalonza amelala kidogo. Bafu lilikuwa dogo. Vanessa alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, bado amevaa sare ya kazi, na Wilondja akasimama kwa sababu mgongo ulikuwa unataka asimame.

"Nimwambie nani?"

"Mama. Mwambie ile haikuwa mwiko."

"Mimi? Nimwambie mama yako amekosa?"

Vanessa alivua kiatu kimoja, akakanda mguu. Alijua. Kwao hakuna mwanamume anayemwambia mama wa mke wake kwamba amekosea. Hata akikukanyaga, wewe ndiye unayesema pole. Tena huyu alikuwa amemshukuru mbele ya watu. Kumwambia sasa ni kama kumpokonya mtu nguo aliyokwisha kuvaa kanisani.

"Basi nimwambie mimi."

"Ukimwambia wewe, atajua nimekutuma."

Waliitazama fimbo. Mpini ulikuwa bado mweusi na unang'aa, lakini kichwa kilikuwa cheupe kama mfupa wa supu. Nyuzi za mti zilikuwa zimesimama, na ukanda wa chuma umelegea upande mmoja.

"Inahitaji mafuta," alisema Vanessa.

"Mafuta gani?"

Alikwenda jikoni akarudi na kikombe cha mawese. Wilondja alisema, "Mama Gloire, sidhani," lakini alisema taratibu kwa sababu mkewe alikuwa amesimama tangu alfajiri akiwaogesha wazee wa watu, na sasa anataka kumsaidia. Vanessa akapaka kwa kitambaa, kwa upole, kama anavyowapaka wazee mafuta miguuni. Fimbo ikanywa. Ilikuwa na kiu kweli. Walipofuta, kichwa chake kilikuwa na rangi ya papai.

Gloire, binti yao wa miaka kumi na mbili, alibisha mlango akitaka kuingia. Alichungulia, akaangalia fimbo, akawaangalia wazazi wake. Kisha akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba sasa inaonekana kama karoti.

"Tutasema ni Gloire aliangusha ndani ya chungu," alisema Vanessa.

Gloire, bado kwa Kiingereza, alisema yeye hapana, yeye ana shule na jina lake.

Vanessa alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akaficha uso kwenye taulo, mabega yakitikisika. Wilondja alimtazama akafikiri analia, akamgusa. Alipogundua ni kicheko, naye kikamshika, kikamchoma mgongoni, ikabidi ajishike ukutani.

"Nitasema ni mimi," alisema, machozi yakimtoka.

"Wewe? Utasema umesonga bugali?"

"Nitasema ni mimi."

* * *

Klabu ilikutana katika chumba cha nyuma, chini ya picha za wachezaji wa zamani wenye masharubu. Kulikuwa na chai na biskuti. Juu ya meza kulikuwa na kadi za majina, na yake ilikuwa imeandikwa "Will", kwa sababu siku ya kwanza mtu mmoja alisema Wilondja ni refu. Hakubisha. Ukiwa mgeni unachagua cha kubishania.

Kiti chake kilikuwa tayari. Kila Jumamosi Mzee Kelly, aliyekuwa na miaka zaidi ya themanini na hakusema maneno mengi, alikwenda ghalani akaleta kiti chenye mgongo ulionyooka, akakiweka mahali pa Wilondja, kisha akaenda kukaa kama si yeye. Hakuna aliyemwomba. Aliona tu siku moja jinsi Wilondja anavyoinuka.

Wilondja alikitazama kile kiti, na akatamani kingekuwa hakipo.

Upande wa pili alikaa Nkatha, muuguzi, Mmeru wa Kenya, aliyejiunga na klabu kwa ajili ya biskuti, kama alivyosema mwenyewe, akabaki kwa ajili ya kitabu. "Kaka, mbona umefunga hiyo kitu kama mtoto mchanga?" alimuuliza, akiangalia kitenge kilichoizunguka fimbo.

Watu wawili wa kamati walikaa karibu na dirisha. Nicole akamkaribisha.

Wilondja alikuwa amejifunza maneno yake vizuri. Alikuwa aeleze kwamba fimbo nzuri hukatwa chini kabisa ya mti, pale shina linapopinda kuingia ardhini, ili nyuzi zipinde pamoja na fimbo na isivunjike. Alikuwa aeleze pia mchezo mwingine alioupenda zaidi kitabuni, ambao watu wanarusha tufe la chuma barabarani, kijiji mpaka kijiji, na jirani wote wanafuata nyuma wakibishana. Badala yake alifungua kitenge, akailaza fimbo mezani, na rangi ya papai ikawaka mbele ya kila mtu.

"Imeharibika nyumbani kwangu," alisema kwa Kiingereza. "Niliiharibu mimi. Niliitumia kupikia."

Mtu wa kamati aliweka kikombe chini.

"Kupikia," alisema Nicole.

"Chakula chetu. Kinasongwa. Nilifikiri inafaa. Naomba radhi."

Nkatha aliinama upande wake, akanong'ona kwa Kiswahili, "Wewe? Tangu lini unasonga ugali?" Wilondja alitazama meza. Nkatha alimtazama zaidi. "Ni mama mkwe," alisema polepole, na haikuwa swali. Wilondja aliendelea kutazama meza. Nkatha akarudi kwenye kiti chake, akachukua biskuti. Aliona siri hiyo si yake kuifungua.

Mzee Kelly alinyoosha mkono. Wakampa. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ukanda uliolegea, akainusa. Kisha akainuka, akatoka nayo, na wakasikia gari lake likiondoka.

Nicole alisema itabidi aandikie kamati, ingawa kamati ilikuwa imekaa pale pale. Hakusema lolote juu ya kazi. Alimtazama Wilondja kwa namna ambayo hakuielewa, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Walisoma kurasa chache, wakafunga mapema. Wilondja alirudisha kiti ghalani mwenyewe, ingawa mtaalamu wa mgongo alikuwa amemkataza.

* * *

"Mwiko wangu iko wapi?" aliuliza Chibalonza Jumatatu, Wilondja akiwa ameshuka kutupa taka.

Vanessa alikuwa anakunja nguo. Alikunja moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama, kaa."

Alimweleza. Chibalonza hakuelewa mara moja, kwa sababu kila alilolijua kuhusu mti ule mikono yake ilikuwa imeshamwambia. Ikabidi Gloire alete simu. Akamwonyesha wanawake waliovaa kofia ngumu, wanakimbia uwanjani mbio sana, kila mmoja na mwiko mkononi.

"Wanapigana?"

"Wanacheza, Koko," Gloire alimwambia bibi yake, kwa Kiswahili, jambo ambalo lilimfanya mama yake ageuke.

Chibalonza alitazama mpaka mwisho. Mmoja wa wale wanawake alipiga mpira ukaenda mbali kabisa, na Chibalonza akatoa mguno wa kukubali. Kisha akarudisha simu.

"Na mimi niliisugua na waya," alisema.

"Hukujua."

"Na yeye alisema namna gani kule?"

"Alisema ni yeye. Alisema yeye njo alipika."

"Mbele ya wazungu? Mwanaume mzima akasema yeye alisonga bugali?"

"Ndiyo, Mama."

Chibalonza alicheka kidogo, kwa pua. Halafu hakucheka. Aliangalia mlango ambao mkwe wake angeingilia, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani, kama mtu anayesubiri mgeni.

"Na kazi?"

"Sijue. Hawajapiga simu."

Wilondja alipoingia, Chibalonza hakumwambia kwamba anajua. Alimwuliza tu kama mvua imekatika. Lakini Alhamisi, aliposikia Wilondja anamwambia mkewe kwamba Jumamosi hatakwenda, hana sura ya kwenda, Chibalonza alisema kutoka jikoni, "Unaenda. Na mimi nakwenda. Nataka kuona mahali unasomeaka."

Wilondja alifungua mdomo. Lakini mtu hamwambii mama mkwe hapana.

* * *

Walipanda treni ya Lidcombe, wakakaa na kiti kimoja kitupu katikati yao, kama inavyostahili. Juu ya kile kiti kitupu Chibalonza aliweka chungu kilichofungwa vizuri kwa kitenge. Kila treni ilipopinda, wote wawili walinyoosha mkono kukishika, na kila mara waliomba radhi.

Mzee Kelly alikuwepo. Wilondja hakutegemea. Fimbo ilikuwa mezani mbele yake, imefutwa, bado na rangi yake ya papai. Na kiti chenye mgongo ulionyooka kilikuwa mahali pake. Mzee Kelly alipoona kuna mgeni, alienda akaleta cha pili.

Chibalonza hakukikalia. Alisimama mbele ya watu, akaweka mikono tumboni, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Ni mimi. Naitwa Chibalonza. Nilikuta ile mti kwenye kabati, nikafikiri ni mwiko mukwe wangu alinitafutia, juu nilimuomba siku mingi. Niliisugua na waya, nikasonga bugali ya watu wa kilio. Mukwe wangu hajakosa kitu. Alibeba haya yangu, na mimi nimekuja kuichukua."

Watu wote wakageuka kwa Wilondja, kwa kuwa yeye ndiye wa kutafsiri. Jasho lilimtoka.

"Mama anawasalimu sana," alisema kwa Kiingereza. "Na anasikitika kwa kosa langu."

Nkatha alikohoa ndani ya chai.

"Maneno mengi kwa salamu," alisema Mzee Kelly.

Chibalonza aliona kuna kitu hakijafika. Akajipiga kifuani kwa kiganja. "Mimi. Mimi njo nilifanya. Yeye hakuwako hata."

"Anasema moyo wake unamuuma," alisema Wilondja.

Nkatha aliweka kikombe chini. "Kaka, samahani. Nimevumilia, lakini hapa nimefika mwisho." Akamgeukia Chibalonza. "Mama, shikamoo. Huyu mkwe wako anakutafsiria vibaya."

"Najua," alisema Chibalonza. "Kiingereza sijue, lakini mukwe wangu namujua. Sema wewe, binti yangu."

Chibalonza akamsimulia kila kitu upya, na Nkatha akasema. Alisema yote, toka mwezi wa pili mpaka taulo na waya na shukrani mbele ya watu wa kilio. Kisha akaeleza kwa nini Wilondja alisema ni yeye, kwamba kwetu mama wa mke wako huwezi kumtia aibu hata akichoma nyumba. Wilondja alitazama picha za wenye masharubu ukutani muda wote huo, moja baada ya nyingine.

Mzee Kelly aliigusa fimbo mezani. Halafu alisema fimbo ilikuwa ya mama yake. Aliichezea akiwa msichana, kabla ya kupanda meli, na ilimfuata mpaka Sydney. Baada ya kufa kwake, Kelly aliiweka ukumbini, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata wajukuu, mpaka zamu ya Wilondja ilipofika. "Nilikasirika," alisema. "Nilikasirika njia nzima. Nilizikasirikia hata taa za barabarani."

Nkatha alitafsiri. Chibalonza alitikisa kichwa kukubali. Mzee alikuwa na haki ya kukasirika.

"Muulize," alisema Mzee Kelly, "ilisonga vizuri?"

Chibalonza aliona ni swali la heshima, akalipa heshima yake. Aliichukua fimbo mezani, akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha ndani ya sufuria isiyokuwepo.

"Mpini ni muzuri. Inajaza mukono. Lakini kichwa ni kizito sana. Bugali ikianza kukauka, inavuta bega. Na ile chuma inakwaruza sufuria."

Mzee Kelly alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Kisha uso wake ukakunjamana, na wote wakafikiri amekasirika tena, kumbe ni kicheko kinachotafuta njia.

"Kichwa kizito," alisema. "Maisha yake yote mama alilalamika hivyo hivyo. Ilikuwa ya kaka yake."

Sheria ya makumbusho ilikataza chakula karibu na vitu vya kale, kwa hiyo Nicole alifungua mlango wa uani, wakaenda kula huko, ugali na sombe ya majani ya muhogo, watu wa kamati wakionyeshwa na Nkatha jinsi ya kumega bila kuungua. Nicole alimkuta Wilondja kwenye bomba, anaosha sahani.

"Juma lililopita nilijua unadanganya," alimwambia. "Sikujua unadanganya kwa ajili ya nani. Siwezi kumpa vitu vyangu mtu anayenidanganya, Will."

"Wilondja," alisema Wilondja. Lilimtoka tu.

"Wilondja," alisema Nicole, akilitafuta, akalipata. "Kitu kikiharibika, uniambie yote."

"Na kama ni mama mkwe?"

Nicole alifikiri. "Basi mwambie Nkatha aniambie."

* * *

Baada ya majuma kadhaa Wilondja alirudi nyumbani jioni bado kukiwa na jua, amevaa shati la makumbusho. Kifuani alikuwa na kibandiko chenye jina lake zima, ambacho Vanessa alikuwa amekipiga picha na kukituma kwao Uvira na Bukavu, na kwa dada mmoja wa Norway. Mgongoni alikuwa na maumivu yaleyale, ila yalikuwa ya mtu aliyekaa. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge.

Chibalonza alikuwa anachambua mboga. Alikiona, akarudisha mikono yake nyuma.

"Ile mti ni ya nani?"

"Yako, Mama."

"Yule muzee anajua?"

"Yeye mwenyewe njo alichonga. Tulichonga naye, kwenye gereji yake. Yeye alichonga, mimi nilishika."

"Na hawachezeake?"

"Hapana, Mama. Hii ni ya kupikia tu."

Hapo ndipo alipokipokea. Alifungua kitenge taratibu. Ulikuwa mwiko mpya, mweupe, mrefu kama alivyoutaka, na mpini wake ulikuwa umepimwa kwa mpini wa ile fimbo ya kale. Hakukuwa na chuma. Chibalonza aliusimamisha, akaushika kwa mikono miwili, akauzungusha hewani mara moja, mara ya pili. Akasimama. Akapima kichwa chake kwenye kiganja. Kilikuwa kimechongwa chembamba, chepesi, na kingo zimelainishwa kila upande.

Alimtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Yule muzee," alisema, "alisikia."

Kisha akamwambia Gloire ashuke kwa mama Nibigira amuulize kama ameshapika, na kama hajapika, aache.